Miji ya Kale ni Ghala la Hadithi

Mimi ni karani wa parokia huku Daudi, Wilaya ya Mbulu. Kazi yangu ya kila siku ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa, stakabadhi za zaka na barua za watu. Lakini kwa kuwa nilipitia chuo cha ualimu kabla ya kushika kazi hii, watoto wa shule bado huniita mwalimu, nao huniletea madaftari yao niyasome. Si madaftari ya hesabu. Ni hadithi walizozitunga wenyewe: za wasafiri, za majambazi, za hazina iliyofukiwa, za watu waliopotea wakaonekana tena.

Hadithi hizo hunifurahisha, maana mtoto anayekaa chini akaandika kurasa kumi bila kulazimishwa na mtu, huyo ana akili inayofanya kazi. Lakini nimeona jambo moja karibu katika kila daftari. Shujaa anaitwa Jack. Mji wake una theluji. Ngome ya adui ina daraja la minyororo juu ya handaki la maji. Basi mimi hujiuliza: mtoto huyu amezaliwa Daudi, asubuhi yake ni ukungu wa milima yetu, njia yake ya shule ni udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu wakati wa masika, theluji ameiona wapi? Ameiona katika sinema na katika simu. Si kosa kuota ya mbali. Lakini hadithi ya mahali ambapo mwandishi hapajui hata harufu yake huwa kama mboga isiyotiwa chumvi: utaila, lakini kesho hutaikumbuka.

Neno langu la leo ni hili. Hadithi nzuri ya safari na mikasa huzaliwa pale mtu anapopita kwa miguu yake katika mji wa kale, akagusa ukuta, akauliza: nani alikaa hapa, naye aliondoka kwa nini? Tena miji hiyo haiko Ulaya tu. Sisi tunayo, mingi, na wageni wameitumia kabla yetu.

Niwaeleze kwanza nililoliona mwenyewe. Mwaka 2012, nilipokuwa chuoni, mwenzangu mmoja wa Mkoa wa Lindi alinialika kwao wakati wa likizo. Kutoka Dar es Salaam tulishika basi la kusini, mwendo wa kilomita 300 hivi, mpaka Kilwa Masoko. Asubuhi tukaenda ofisi ya mambo ya kale, tukaandikisha majina na kulipa kiingilio, kisha tukapanda mashua kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Mimi ni mtu wa milimani. Maji niliyoyazoea ni ya mto na ya kisima. Nilishika ubao wa mashua kwa mikono yote miwili, na mwenzangu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kabla mashua haijafika, kitu cha kwanza kuonekana ni Gereza, ngome kubwa iliyosimama karibu na maji. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 baada ya kuuteka mji, na baadaye Waarabu wa Omani wakaijenga upya. Ukipita hapo unafika Msikiti Mkuu wa kale, wenye nguzo nyingi na kuba ndogo ndogo juu. Halafu unakwenda kwa miguu mpaka Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Ndani yake kuna birika la kuogea lenye pembe nane, na ngazi za mawe zinazoteremka kuelekea pwani.

Nilikaa juu ya ngazi hizo kupumzika. Hapakuwa na kelele ila upepo na mawimbi. Basi maswali yakaanza kuja yenyewe, moja likavuta jingine. Maji ya birika hili yalibebwa na nani, na yalitoka wapi? Usiku ule ambao merikebu za Wareno zilionekana kwa mbali, mlinzi aliyeziona kwanza alikuwa nani? Alipiga mbio kwa Sultani, au alimtafuta kwanza mkewe na watoto? Je, hakuna mtu aliyewahi kupanda ngazi hizi gizani, ameficha barua katika kilemba chake? Ndugu msomaji, sikuwa nimekwenda Kilwa kutafuta hadithi. Nilikuwa mgeni wa likizo tu. Lakini nilipoinuka pale nilikuwa na hadithi tatu kichwani, na mashujaa wake hawakuitwa Jack.

Kilwa ilikuwa tajiri kwa sababu dhahabu ya Sofala, ambayo sasa ni pwani ya Msumbiji, ilipita mikononi mwa wafanya biashara wake. Mwaka 1331 alifika hapo Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, ambaye maisha yake yote yalikuwa ni njia. Baada ya Kilwa aliendelea kuzunguka miaka mingi, akakaa India, na kitabu chake kinasimulia jinsi alivyofika hata Uchina, katika bandari ya Quanzhou iliyojaa majahazi makubwa, na kusafiri kwa mito kutoka mji hadi mji. Huko India alikutana na mwanachuoni mmoja wa Mogadishu aitwaye Said, ambaye naye alikuwa amekwisha kufika Uchina. Fikirini: mtu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, karibu miaka 700 iliyopita, amekwenda Uchina na kurudi mpaka India, anakaa na kumsimulia mgeni! Hiyo peke yake ni hadithi ya kitabu kizima.

Tena lipo jambo lililonigusa mimi kama karani. Ibn Battuta hakukiandika kitabu chake kwa mkono wake. Aliporudi kwao alisimulia, na karani mmoja aitwaye Ibn Juzayy akaandika, mpaka kazi ikaisha mwaka 1355. Bila karani yule, safari zote zile zingezikwa na msafiri kaburini.

Ukitaka kujua kwamba Uchina na pwani yetu vilijuana, huhitaji kwenda mbali. Karibu na Malindi kuna magofu ya Gedi, mji wa mawe uliomezwa na msitu. Bwana James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, akazipa nyumba majina kwa vitu vilivyopatikana ndani. Nyumba moja inaitwa Nyumba ya Fedha za Kichina. Na huku kwetu, Kunduchi karibu na Dar es Salaam, kuna makaburi ya kale yenye nguzo ndefu, na katika nguzo hizo waliokufa walitiliwa mabakuli ya Kichina, yamejengewa ndani ya chokaa kama macho.

Halafu kuna habari ya twiga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina zawadi ya twiga. Wachina walipomwona walimfananisha na mnyama wa baraka anayetajwa katika masimulizi yao ya kale, wakafurahi sana. Sasa ninyi mnaokaa Mbulu mnamjua twiga. Mnamwona akila migunga kule bondeni Manyara. Hebu fikirini kazi ya kumpakia mnyama yule chomboni! Shingo yake ataiweka wapi tanga likigeuzwa? Atakula nini katikati ya bahari, na maji yake ya kunywa yatakaa katika mapipa mangapi? Na yule kijana aliyepewa kazi ya kumchunga mpaka Uchina, mama yake alimwambia nini walipoagana? Niliwauliza watoto watano maswali hayo siku moja mbele ya ofisi. Wiki ile ile nililetewa madaftari matano, na hakuna hata moja lililokuwa na theluji.

Kuna na habari nyingine ya kweli inayoshinda uongo. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu katika mchanga wa kisiwa kilichoko kaskazini ya nchi ile. Baadaye wataalamu walipozitazama vizuri, waliona kwamba tano kati yake ni sarafu za Kilwa. Toka Kilwa mpaka Australia ni bahari tupu maelfu ya kilomita. Nani alizipeleka? Watu wa elimu wanabishana mpaka leo. Mwandishi wa hadithi hana haja ya kungoja wamalize kubishana. Yeye ataandika safari ya chombo kile.

Sasa nataka kuwaambia kwa nini jambo hili si la mchezo. Mnamkumbuka Rider Haggard, Mwingereza aliyetunga kile kitabu ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili shuleni, Mashimo ya Mfalme Sulemani? Huyo alitunga na kingine, Allan Quatermain, kilichotoka mwaka 1887. Safari ya kitabu hicho inaanzia Lamu, inapanda Mto Tana, inapigana na Wamasai, inaingia bara. Lakini Haggard alipokiandika alikuwa hajakanyaga Lamu. Ndugu yake Jack ndiye aliyekuwa naibu wa balozi wa Kiingereza huko katika miaka ya 1880, akaona mji kwa macho. Na mwisho wa safari ile mwandishi akabuni nini? Akabuni ufalme wa watu weupe uliojificha katikati ya Afrika, wenye majumba ya mawe na dhahabu. Majumba ya mawe na dhahabu yalikuwapo kweli, Kilwa na kwingineko, nayo yalijengwa na watu wa hapa. Lakini wasomaji wa Ulaya walipewa hadithi ambayo ndani yake mashujaa ni wageni, na watu wetu wengi ni wapagazi na wenye mikuki.

Simlaumu kwa kutunga, mtungaji hutunga. Nasema tu kwamba asipoandika mwenyeji, mgeni ataandika, naye atajiweka yeye mbele.

Namshukuru Mungu kwamba wenyeji wamekwisha kuanza, zamani. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri mpaka Urusi na Siberia, akaandika safari yake kwa Kiswahili, na mwaka 1901 ikapigwa chapa. Hiyo ilikuwa habari ya kweli, si ya kubuni, lakini ilionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba safari yoyote. Halafu akatokea Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Huyo alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuwa mwandishi wa magazeti, na mkaguzi wa afya, kama mjuavyo, huingia mpaka uani, akaona yale yasiyoonwa na mpita njia. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Tazameni jina lenyewe! Mahali pa watu wa kale ndipo panapoonekana maiti, na Bwana Msa na kiko chake anakuja kufumbua fumbo. Hakwenda London kuazima ukungu. Magofu ya nyumbani yalimtosha.

Na katika siku zetu hizi yuko Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikuwa ameishi Uingereza miaka mingi. Mnamo mwaka 1990 alirudi kusafiri Afrika Mashariki, na kutokana na safari hiyo akaandika riwaya iliyotoka mwaka 1994, ambayo tangu mwaka 2022 tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Ni habari ya kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kwa sababu ya deni, akaingia bara pamoja na msafara wa tajiri. Mtu aliyezaliwa pwani hii, tena mwenye elimu kubwa kama ile, aliona ni lazima arudi apite tena njia kwa macho yake. Sembuse mwanafunzi wa Daudi!

Mtaniuliza: basi mtu akifika katika mji wa kale atazame nini, asije akazunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga? Mimi huwaambia watoto watazame vitu vinne.

Kwanza ni njia. Pale Mji Mkongwe wa Zanzibar vichochoro ni vyembamba na vina kona nyingi. Mtu akikutangulia hatua kumi, humwoni tena. Kila kona ni mlango wa kisa. Anayefukuzwa anaweza kupona, na anayefukuza anaweza kujikuta amerudi pale pale alipoanzia.

Pili ni mlango wenyewe. Milango ile ya mbao yenye nakshi na misumari ya shaba inamwambia mpita njia: ndani mna mali. Lakini haisemi mali hiyo ilipatikanaje. Hapo mwandishi aanze kuuliza.

Tatu ni kisima. Palipo na kisima walikutana wote, bibi na mtumwa, mwenyeji na mgeni. Siri za mji husikika kisimani kabla ya kufika kwa mfalme. Huko Gedi visima vipo mpaka leo, na waliokuwa wakiteka maji wameondoka tangu karne ya 17.

Nne ni kaburi. Nilikwenda na kwaya yetu Bagamoyo, mji ambao wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na ambao mwaka 1874 ulipokea maiti ya Livingstone, iliyobebwa kutoka mbali sana bara na watu wake waaminifu, Chuma na Susi na wenzao. Kilomita chache kutoka hapo ni magofu ya Kaole. Wanakwaya wenzangu walipiga picha wakaenda kutafuta kivuli. Mimi nilibaki nikitazama makaburi yale yenye nguzo, nikafikiri juu ya Chuma na Susi. Miezi mingi walibeba maiti katika nchi ambayo watu wengi waliogopa maiti. Ilibidi waifiche, waifunge kama mzigo wa nguo. Waliogopa nini usiku? Waligombana? Nani kati yao alitaka kuutupa mzigo, na nani akamkataza? Dunia nzima inajua jina la aliyebebwa. Hadithi ya waliobeba inangoja kalamu ya kijana wa kwetu.

Sasa nakuja kwenye shida, maana najua wazazi mnaosoma mna swali. Mwaka jana walimu wa shule moja ya huku waliandaa safari ya wanafunzi kwenda Bagamoyo, na kila mzazi akatakiwa kutoa mchango. Jumamosi moja akaja ofisini mzee mmoja ambaye binti yake yuko kidato cha pili, naye ni mmoja wa wale wanaoniletea madaftari. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akaketi, akaweka fimbo yake magotini.

"Karani," akasema, "wewe umesoma. Niambie ukweli. Nina kondoo mmoja wa kuuza. Nimwuze mtoto akatazame kuta zilizoanguka?"

Nikamweleza habari zote hizi nilizowaeleza ninyi: Kilwa, twiga, Chuma na Susi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hao wa pwani walijenga kwa mawe. Babu zetu sisi walijenga kwa udongo. Udongo hauna hadithi?"

Nikajibu, "Unayo, mzee. Lakini nani anaijua?"

Akasema, "Mimi naijua." Akasimama, akaaga, akaenda zake.

Kondoo akauzwa, lakini fedha ikaenda kwenye sare na mahitaji ya shule, maana hayo hayangojei. Binti hakwenda Bagamoyo. Sitaficha kwamba alilia. Lakini siku ya mapumziko baba yake alimchukua kwa miguu mpaka Kainam, katika nchi ya zamani ya Wairaqw, wanakoita Irqwar Da'aw. Huko akamwonyesha mahali ilipokuwa nyumba ya babu yake mzaa baba. Ninyi wa Mbulu mnajua nyumba zile. Zilichimbwa ubavuni mwa kilima, na paa la udongo likalingana na mteremko, hata adui akipita kwa mbali hajui kwamba chini yake wamo watu na ng'ombe. Ilikuwa wakati wa vita vya mifugo na Wamasai, ambao leo ni jirani zetu tunaouziana nao sokoni.

Majuma mawili baadaye daftari likaja mezani kwangu. Alikuwa ameandika juu ya msichana aliyejificha katika nyumba kama ile usiku wa mashambulizi. Hakuna moto. Mama amemfumba ndama mdomo kwa mikono miwili asilie. Juu ya paa zinasikika nyayo za watu, nzito, zinapita, zinasimama. Vumbi linadondoka toka paani, linaingia katika jicho la bibi kizee, naye hathubutu kupikicha jicho lake. Niliposoma hapo niliweka daftari chini, nikatoka nje kidogo. Katika miaka yote ya kusoma madaftari sikuwahi kuona vumbi la namna ile. Mtoto hawezi kulipata katika simu. Alilipata kwa kuingiza kichwa chake katika shimo la babu yake, akainua macho.

Kwa hiyo nasema kwa wazazi: safari ya kwenda kuona mji wa kale ni shule, na mwenye uwezo amsaidie mwanawe aende. Asiyekuwa na uwezo asikate tamaa, maana mahali pa kale hapako pwani tu. Bondeni, kaskazini ya Mto wa Mbu, yapo magofu ya Engaruka, mashamba ya mawe na mifereji ya wakulima waliohama yapata karne ya 18, na wako wataalamu wanaodhani kwamba miongoni mwao walikuwamo jamaa za Wairaqw. Na asiyeweza Engaruka ana kilima cha babu yake.

Lakini tusikawie. Magofu nayo huzeeka na kufa. Kilwa iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, kwa kuwa bahari na mvua vilikuwa vinakula kuta, ikatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuitengeneza. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, ile nyumba ya ajabu iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka siku ya Noeli mwaka 2020, ikaua watu wawili. Na kama mawe ya matumbawe yanaanguka, udongo wa Kainam utasimama muda gani? Tena wazee wanaojua nani alilala ndani ya shimo lipi, mimi ndiye ninayeandika majina yao katika kitabu cha marehemu. Kila mwaka huandika kadhaa.

Walimu, mkienda na watoto mahali pa kale, msiwape tarehe tu wakariri. Wapeni saa moja wakae kimya, kila mmoja peke yake, na karatasi. Watoto, msiogope kuandika kwamba shujaa wenu anaitwa Tluway au Gidamis, wala kwamba alitoka Daudi kwa miguu na unga wa mahindi mfukoni. Wazazi, mtoto akikuuliza kwa nini babu alichimba nyumba yake kilimani, usimwambie akachote maji. Mjibu kwanza, maji atachota baadaye.

Na wewe unayesoma gazeti hili kwa sauti jioni, watu wa nyumbani wakikuzunguka, ukilikunja mgeukie aliye mzee kuliko wote hapo, umwulize swali moja tu: kabla ya kuja hapa tulikaa wapi, na tuliondoka kwa nini? Kisha awepo mmoja wenu mwenye kalamu.

Ni mimi karani wenu, Daudi, Mbulu.